Kahawa ya Mke wa Refa

Ijumaa, 1 Machi

Nimeolewa! Nimeandika ili nione kama kalamu itakataa, nayo haikukataa. Ndoa yetu haijamaliza hata mwezi, na bado mtu akiniuliza, "Mumeo hajambo?" nageuka nyuma nitazame anayeulizwa ni nani.

Kesho tunaanza fungate. Wenzangu kazini, pale tunapotoa nakala na kuchapa barua za watu, waliniuliza tunakwenda wapi. Nikawajibu: popote penye magoli mawili. Mume wangu ni refa. Siku za kazi anauza misumari, bawaba na rangi kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mwisho wa wiki anachezesha mechi za daraja la pili, leo mji huu, wiki ijayo mji ule. Mzunguko wa pili wa ligi umeanza pamoja na mvua, nami nimeapa sitalala peke yangu miezi ya mwanzo ya ndoa yangu kwa sababu ya mpira. Naenda naye kila mechi.

Na msimu huu una uzito wake. Chama cha waamuzi kitapandisha refa mmoja tu kwenda ligi kuu. Mpenzi wangu ameingoja nafasi hiyo miaka sita. Alipokuja kwetu kujitambulisha, alimwambia baba mambo mawili: kwamba ananipenda, na kwamba iko siku baba atamwona kwenye televisheni. Baba alisema la kwanza amelisadiki, la pili atangoja ushahidi.

Wifi yangu, dada yake mkubwa, ametupa zawadi kwa ajili ya safari hizi: mtambo mdogo wa kahawa, wa kubeba begani. Ni mrija mnene wa plastiki, chini una kifuniko chenye matundu, juu una mchi. Unaweka karatasi ya kuchujia, kahawa, maji ya moto, unakoroga, unangoja, kisha unasukuma mchi taratibu na kahawa inashuka kikombeni. Ukiutazama utadhani ni pampu ya baiskeli, na ndivyo tulivyoubatiza: Pampu. Pamoja nao kuna kisagio cha mkono na mtungi wa buni zilizokaangwa.

"Wifi, nakukabidhi kichwa cha mdogo wangu," alisema. "Asipokunywa kahawa asubuhi kinamgonga mpaka jioni, halafu anatoa kadi hovyo."

Nilidhani anatania kuhusu kubeba kahawa yetu wenyewe. Kumbe refa ana miiko kuliko bibi harusi. Tangu anapoingia mji wa mechi mpaka anapotoka, hapokei cha mtu. Si soda, si karanga.

"Hata maji?" nilimuuliza.

"Hata maji. Leo maji, kesho watu watasema maji yalikuwa na kitu ndani yake."

Miaka yote amekuwa akibeba kahawa iliyopikwa nyumbani, kwenye chupa ya chai, ikifika asubuhi ya mechi ina ladha ya mfuniko. Maskini mpenzi wangu! Sasa ana mke na Pampu.

Jumapili, 3 Machi

Tumelala nyumba ya wageni yenye chumba kidogo hata begi likikaa sakafuni mmoja wetu lazima akae kitandani. Nilipapenda mno.

Asubuhi nikaamka kabla yake nimpikie kikombe cha kwanza cha ndoa. Nikasaga buni mpaka zikawa laini kama poda ya mtoto, maana niliwaza, kikisagwa sana ndicho kizuri. Nikamwaga maji yakiwa yanatokota. Nikasukuma mchi. Haukwenda. Nikainuka na kuulalia kwa kifua. Wapi!

"Nipe mimi," akasema mume wangu, akiwa tayari amevaa jezi yake ya njano ya kuchezeshea. Akasukuma kwa nguvu za mtu anayetaka kumfurahisha mkewe. Pampu ikapiga kelele kama bata, karatasi ikachomoka, na kahawa yote ikaruka ukutani, kwenye shuka na kwenye jezi ya njano.

Tukatazamana. Nikaanza kulia. Yeye akalamba mkono wake, akafikiri kidogo, akasema, "Sukari imekosekana."

Amechezesha kwa jezi nyeusi ya akiba. Nilikaa jukwaani na mwavuli wangu katikati ya mashabiki, na dakika ya kumi tu jamaa mmoja nyuma yangu akapaza sauti: "Refa! Rudi nyumbani, mkeo amekuficha miwani!" Watu wakacheka. Mimi ndiye mke, na miwani sijaficha, hana! Nilitaka kumpiga na mwavuli. Lakini mume wangu alikuwa anakimbia matopeni, mgongo umenyooka, filimbi mdomoni, miguu mizuri ile, nikasahau ugomvi.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Nimemkumbuka mchana kutwa, na hali tumetoka kitanda kimoja asubuhi.

Jumapili, 10 Machi

Leo nimesaga chengachenga, kama chumvi ya mawe iliyopondwa. Mchi ulishuka vizuri, lakini kahawa ilikuwa chungu ya kukunja uso. Maji ya mji huu nayo yana chumvi. Ukisukutua mdomo unajisikia umelia.

Mshika kibendera wa mume wangu, wanayemwita Kamba kwa wembamba wake, alibisha hodi akiwa na kikombe chake mkononi kabla sijamaliza kusukuma.

"Shemeji, harufu imenivuta kwa pua."

"Pua hiyo ilijuaje kuja na kikombe?"

"Shemeji, mshika kibendera ni mtu wa kujiandaa."

Alikunywa, akafumba macho. "Inaamsha," akasema. Huyu Kamba ni kupe. Anakunywa cha mwenzake, analalia begi la mwenzake garini, na sijamwona akileta hata kijiko. Nimemwambia mume wangu. Yeye kacheka tu: "Mwache. Anaona kuotea kuliko mtu yeyote ninayemjua."

Jumapili, 17 Machi

NIMEIPATA!

Siri ni subira, kama ndoa. Kwanza nimebeba maji ya nyumbani kwenye dumu dogo. Maji ya kila mji ni bahati nasibu. Pili, maji yakichemka nayaacha yatulie. Navaa viatu, nafunga kilemba, kisha ndipo namimina. Tatu, nalowesha kwanza karatasi, iondokewe na ule uvundo wa kadibodi. Nne, nasukuma kwa uzito wa mkono tu, kama mtu anayemlaza mtoto. Ikianza kufanya fyuuu, naacha.

Kasoro ni kisagio. Kinanguruma. Jirani wa chumba cha pili aligonga ukuta: "Nyie, mnasaga mahindi humo?"

"Tunasaga mapenzi, jirani!" mume wangu akamjibu. Nilijifunika shuka kwa aibu.

Halafu akanywa. Nilimwangalia kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani wa kidato cha nne. Alikunywa tena. Kisha akanishika mkono ule uliokuwa na unga wa kahawa kwenye kucha, akaubusu. Nitakuwa bibi kizee nisiye na meno na nitalikumbuka busu hilo.

Jumatano, 20 Machi

Kamisaa aliyesimamia mechi ya Jumapili amempa alama za juu. Majina yamebaki mawili: la mume wangu na la mwingine. Nimempigia wifi simu tukapiga vigelegele kila mmoja kwake.

Jumapili, 24 Machi

Sare. Mvua kubwa. Mashabiki wamemwita kipofu, kobe na nguzo ya umeme. Nimeanza kuzoea, la nguzo ya umeme nililicheka hata mimi.

Jumapili, 31 Machi

Hakuna mechi. Tumelala mpaka jua likatuonea haya.

Jumatatu, 8 Aprili

Sijui nianzie wapi. Nitaanzia asubuhi ya jana.

Tulifika mji wa mechi Jumamosi jioni. Mto ulikuwa umefunika barabara upande wa pili, na wasafiri wengi walikwama, kwa hiyo nyumba za wageni zilijaa. Tulipata chumba cha mwisho. Asubuhi umeme ulikuwepo barazani tu, kwenye tundu moja karibu na mlango wa kuingilia, basi nikahamia huko na birika langu, kisagio na Pampu. Mume wangu alikuwa bado anaoga.

Akatoka mzee mmoja chumba cha pembeni, sweta limechakaa viwiko, ndala miguuni, ameshika shavu.

"Shikamoo."

"Marahaba, binti yangu. Unasaga nini hicho kinachomwamsha mtu kwa raha?"

Jino lilikuwa limemkesheza, maskini, na hakuna duka la dawa lililofunguliwa. Nilikuwa na kikombe tayari kwenye Pampu. Ningefanyaje? Nilimpa. Akashika kwa mikono miwili, akainywa kwa upande usiouma. Tukaongea. Aliniuliza nimeolewa lini, akacheka nilipomwambia. Akasema yeye ana miaka thelathini na mkewe, na wamegombana kwa jambo moja tu, nani azime taa. Nikampa kikombe cha pili. Kuondoka, akaingia chumbani kwake akarudi na machungwa mawili makubwa.

"Mimi sirudishi kikombe kitupu," akasema.

Nikakataa, akaniwekea miguuni. Niliwaza: huyu si mwenyeji, hana soda ya klabu wala nini, ni mgeni aliyekwama kama sisi. Na machungwa yetu, yale ninayomkatia mume wangu ale mapumziko, yalikuwa yamepondeka safarini chini ya begi ambalo Kamba alilala juu yake. Nikayatupa. Nikakata ya mzee, nikayafunga kwenye kikopo, nikatia kwenye begi la mpenzi wangu.

Saa kumi timu zikaingia uwanjani. Timu ya wageni ilipokwenda kukaa benchi, aliyetangulia mbele alikuwa mzee wangu wa jino. Suti ya michezo ya bluu, karatasi mkononi. Kocha! Kumbe alivuka kabla ya mto kujaa, timu ikalala ng'ambo mpaka maji yalipopungua. Aliniona jukwaani, akaanza kuinua mkono. Halafu akamtazama refa, akanitazama mimi, na ule mkono ukageuka katikati ya njia ukakuna kichwa.

Nikakumbuka kikopo. Baada ya mapumziko, mume wangu alirudi uwanjani akijifuta midomo.

Mechi ilikuwa bila kwa bila mpaka karibu na mwisho, na mimi nikaomba iishe hivyo hivyo. Ndipo beki wa wenyeji, ndani ya boksi, akaudaka mpira kwa mikono yote miwili kama anayepokea mzigo garini. Hata kipa wake alimshangaa. Mume wangu akapuliza. Penalti. Bao. Mechi ikaisha.

Tulitoka uwanjani kwa gari la polisi. Kabla hatujafika stendi, picha ilikuwa imeshafika kwenye simu ya Kamba: mimi barazani, nimecheka meno yote nje, namkabidhi kocha kikombe. Mtu mmoja wa pale kwenye nyumba ya wageni, shabiki wa wenyeji, alitupiga picha. Juu yake ameandika, "Penalti ilipikwa asubuhi."

Mume wangu alichukua simu, akaikuza picha.

"Huyu ulimjua?"

"Sikumjua. Wallahi sikumjua. Alikuwa anaumwa jino."

"Hukumuuliza ni nani?"

"Nimuulize mtu kitambulisho kabla sijampa kikombe cha kahawa? Ndivyo nilivyolelewa?"

"Na mimi ndivyo nilivyolelewa!" akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Lakini siku ya mechi mimi si mtoto wa mtu. Siku ya mechi mimi ni refa, na wewe ni mke wa refa!"

Hakunikasirikia zaidi ya hapo. Aligeukia dirishani, na bega lake, lile ninalolalia kila safari, akaliweka upande wa pili.

Kuhusu machungwa sijasema.

Jumatano, 10 Aprili

Chama kimemsimamisha mpaka kikao cha Jumamosi ya wiki ijayo. Pampu nimeifungia kabatini.

Ijumaa, 12 Aprili

Wifi amekuja. Nilidhani atanipasua. Alikaa, akavua viatu, akasema, "Wifi, mimi ndiye niliyenunua huo mtambo, kwa hiyo tugawane lawama. Chukua nusu, nipe nusu." Nikamkumbatia nikalia mpaka mtandio wake ukalowa. Akaniambia kanuni inasema refa asipokee. Haisemi mkewe asitoe. "Picha inaonyesha unampa. Hakupi. Atashinda, utaona."

Hata yeye sikumwambia kuhusu machungwa.

Jumapili, 14 Aprili

Nimemwambia. Alikuwa anapiga viatu vyake vya mpira rangi, ingawa hana mechi ya kuvivalia. Nikakaa chini sakafuni mbele yake.

"Yale machungwa uliyokula mapumziko," nikasema, "aliniachia yule mzee."

Brashi ikasimama. Nikaendelea haraka, maneno yakigongana: kwamba hakuna anayejua, picha haina machungwa, mzee hawezi kusema kwa sababu atajiumiza mwenyewe, wifi anasema kanuni iko upande wetu, na kwamba akinyamaza tu, akinyamaza siku moja tu, jina lake litabaki kwenye orodha na baba atamwona kwenye televisheni.

Alinitazama kwa upole, na upole huo uliniuma kuliko ile sauti ya garini.

"Yalikuwa matamu," akasema. "Nilisema moyoni, mke wangu anajua kuchagua machungwa."

"Utanyamaza?"

"Mpenzi, nikinyamaza, kila penalti nitakayotoa maisha yangu yote nitasikia chungwa mdomoni."

Nilimwomba. Siandiki hapa kujisifu: nilimwomba mara nyingi, kwa machozi na kwa majina yote ninayomwita. Hakubadilika. Mimi niliolewa na mwanamume mwenye miguu mizuri na filimbi, na kicheko cha kulamba kahawa mkononi. Huyu aliyekaa mbele yangu na kiatu kimoja kimepakwa rangi, kingine bado, nilikuwa sijakutana naye. Nilimwogopa kidogo. Kisha nikachukua brashi nikampaka kile cha pili.

Jumamosi, 20 Aprili

Kikao kilikuwa kwenye chumba cha nyuma cha ofisi ya chama: meza ndefu, viti vya plastiki, kombe lililopinda juu ya kabati, feni inayozunguka kwa kusitasita. Nilikataa kungoja nje. Mwenyekiti ni mama mmoja aliyekuwa refa enzi zake, mnene, mwenye macho yanayokupima kama yuko tayari kutoa kadi. Kulia kwake alikaa kamisaa wa mechi ile.

Walitazama mkanda wa mechi kwanza. Beki alipoudaka mpira, mwenyekiti akasema, "Hiyo hata mimi nimeiona, na nimeacha miwani nyumbani." Kwa hiyo penalti ilikuwa halali. Wakaja kwenye picha.

"Binti, ulimpa nini kocha?"

"Kahawa, mama. Vikombe viwili."

"Ulijua ni kocha?"

"Nilijua ni mzee mwenye jino."

Kamisaa alikohoa, nadhani alikuwa anacheka. Mwenyekiti akafunga faili. Akasema kutoa kahawa si kosa katika kanuni yoyote anayoijua, ingawa mke wa refa atazame anampa nani. Nilimwona mume wangu anasimama. Nikamshika shati. Akautoa mkono wangu taratibu, kidole kwa kidole.

"Mama mwenyekiti, kuna jambo picha haikuonyesha," akasema. "Yule mzee aliacha machungwa. Mke wangu hakujua ni nani. Mimi nikayala mapumziko."

Feni ikasitasita. Mwenyekiti akamtazama kama aliyeona mchezaji akimkimbilia refa kuomba kadi nyekundu.

"Mangapi?"

Kabla hajajibu, mlango ukafunguliwa. Alikuwa Kamba, shati limelowa mvua. Hakuna aliyemwita, jina lake halikuwa popote.

"Samahani wakubwa, nilikuwa nasikiliza dirishani," akasema. "Hakuyamaliza. Vipande vinne nilikula mimi."

"Wewe nani amekuuliza?" akasema kamisaa.

"Hakuna, mzee. Lakini nilikula. Na yale ya kwao yaliyopondeka, ni mimi niliyeyalalia."

Nilitaka kupotea chini ya kiti. Mtu niliyemwita kupe! Amekuja kunywa hata adhabu ya mwenzake.

Walitutoa nje, wakajadiliana, wakatuita. Mume wangu na Kamba wamefungiwa hadi katikati ya Mei, na wakirudi wataanza na mechi za chini kabisa. Jina la mume wangu limeondolewa kwenye kupandishwa. Mwaka huu, ligi kuu hapana.

Nikasimama. "Mama, adhabu hiyo ni yangu. Nipeni mimi."

"Binti yangu," akasema, na sauti yake ilikuwa imelainika, "wewe huna filimbi ya kunyang'anywa. Kaa na mumeo."

Nje mvua ilikuwa imeshika kasi. Tulisimama watatu chini ya mwavuli mmoja, ambao Kamba, kwa urefu wake, ndiye aliyeushika.

Jumapili, 21 Aprili

Nimeamshwa na ngurumo ninayoijua. Jikoni, mume wangu ametoa Pampu kabatini na anasaga. Amesaga mno, bila shaka. Maji yanatokota, hakuyaacha yatulie.

"Hujambo, mke wa muuza misumari," akasema.

Nikamuuliza kwa nini hanilaumu. Akajibu kwamba alinilaumu, siku mbili nzima, akachoka. Kulaumu kunamchosha kuliko kukimbia. Akaniambia, "Wewe ulimwona mtu anaumwa ukampa kikombe. Siwezi kuoa mtu kwa sababu hiyo, halafu nimgombeze kwa sababu hiyo hiyo."

Kahawa yake ilikuwa mbaya, chungu, ina mchanga wa machicha. Nimekunywa mpaka tone la mwisho na nimeomba nyingine.

Ijumaa, 26 Aprili

Jina la aliyepandishwa limetangazwa. Ni yule mwingine. Mume wangu amempigia simu kumpongeza, akaongea naye kwa furaha ya kweli, kisha akaenda kuoga, akakaa bafuni muda mrefu, maji hayakusikika. Nikakaa sakafuni nje ya mlango nikaegemea, ajue kuna mtu.

Jumatano, 8 Mei

Baba amepiga simu. Amesikia yote kwa wifi. Akasema nimpe mkwewe simu. Sijui walizungumza nini, ila mume wangu alisema, "Ndiyo, baba," mara nyingi, na mwishoni akacheka. Nilipouliza akasema, "Anasema ushahidi ameupata, televisheni si lazima."

Jumapili, 19 Mei

Mechi ya kwanza tangu kikao. Mechi ya chini kabisa, kweli: wafanyakazi wa kiwanda cha matofali dhidi ya wafanyakazi wa karakana ya magari, kwenye uwanja usio na jukwaa, upande mmoja umegeuka bwawa. Vyumba vya kubadilishia hakuna. Wamevalia nyuma ya lori. Nilileta jiko dogo la gesi, dumu la maji, mtungi mzima wa buni na Pampu. Machungwa yetu nilinunua mwenyewe, nikayabeba mapajani safari nzima. Kamba alikaa kiti cha mbele, mikono juu, asije akayagusa.

Kabla ya mechi harufu ikawavuta. Kocha wa matofali akaja, kocha wa karakana akaja, kila mmoja anajifanya anapita tu.

Mume wangu akapuliza filimbi, fyuu! "Wazee, kabla ya mechi hakuna anayepata. Filimbi ya mwisho ikilia, wote mnapata. Aliyeshinda na aliyeshindwa."

"Na kama tukishindwa kwa penalti?" akauliza wa karakana.

"Utapewa ya kwanza, upoze moyo."

Karakana walishindwa mawili kwa moja, bila penalti. Alipopuliza ya mwisho, watu waliokuwa wakivutana jezi dakika moja nyuma walijipanga mstari mbele ya jiko langu, matope hadi magotini. Pampu inatoa kikombe kimoja kimoja, haijui haraka. Vikombe vyenyewe vilikuwa vichache, basi ilibidi mmoja amalize, asuuze, ampe wa nyuma yake. Nahodha wa karakana alikuwa anampulizia kahawa yule beki aliyemvunja kasi mchana kutwa. Kamba alisaga mpaka mkono ukamfa ganzi, na hakuonja. Kila aliyetaka kuruka mstari, mume wangu alimpulizia na kumwonyesha kadi ya njano.

Kamisaa wa mechi hiyo akaja mwishoni, akasita. "Na sisi tunaruhusiwa?"

"Mechi imekwisha, mzee. Karibu."

Ilipofika zamu ya refa, mtungi ulikuwa na buni za kikombe kimoja tu. Alikaa kwenye tofali, viatu amevua, mvuke unamtoka mabegani. Nilisaga zile za mwisho, nikayaacha maji yatulie, nikasukuma kwa uzito wa mkono tu. Nikampa. Akanywa nusu, akafumba macho, akanirudishia.

Hapo nikamwona kijana mmoja wa kiwanda ametoa simu, ameielekeza kwetu. Nikashtuka, nikakificha kikombe nyuma ya gauni.

Mume wangu akanivuta nikakaa pajani mwake, na matope yote yale.

"Kitoe," akaninong'oneza. "Kishike juu, kionekane vizuri."